Benchi Moja kwa Wakwe Wawili

Vijana wangu wa masijala, nyinyi mnaobonyeza kitufe na kesi ikajipanga yenyewe, marahaba. Naona mmeniamkia kimoyomoyo, maana kwa mdomo siku hizi naona ni kazi ngumu.

Mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yangu ya zamani ili iwafae. Nashukuru sana. Nilidhani mzee aliyestaafu hukumbukwa siku ya mchango wa harusi tu. Basi nikaacha vitunguu vyangu hapa Mwankoko vikiniangalia, nikaketi kuandika, na mkisikia harufu ya vitunguu kwenye karatasi msishangae.

Kazi yangu ilikuwa kupanga. Nilikuwa karani wa mahakama Singida, na kila Jaji wa Mahakama Kuu alipokuja kusikiliza rufaa, mimi na wenzangu ndio tuliopanga nani aitwe lini, akae wapi, aseme kwanza au asubiri, na maneno yake yapite mdomo wa nani kabla hayajamfikia Jaji. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi yetu changa. Najua mmoja wenu aliyesoma sheria atanyoosha kidole aseme juu yake ilikuwapo nyingine, ile ya rufani ya Afrika Mashariki nzima. Ilikuwapo, kama mwezi ulivyopo. Mtu wa kijijini Mtinko hapandi mwezini kudai shamba.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Msengi, karani mkuu, Mnyiramba wa Kiomboi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza aliniuliza kama najua kusoma. Nikajibu kwa majivuno kwamba nimemaliza darasa la nane. Akasema, "Vizuri. Kwa Mnyaturu hayo ni mengi. Sasa anza kusahau, tufanye kazi." Ndivyo Wanyiramba wanavyotukaribisha.

Somo lake la kwanza lilikuwa tarehe. Nyinyi mnadhani tarehe ya kesi hutoka kwenye kalenda. Bwana Msengi alikuwa nayo kalenda, zawadi ya mwenye duka la nguo, na aliitumia kufunikia kikombe cha chai. Tarehe aliitafuta kwa kuuliza. Mnada wa ng'ombe uko wapi wiki ile? Uwele umefika kiasi gani? Nani kafiwa? Barabara ya Manyoni inapitika? Reli ilikuwa inakuja vizuri kabisa kutoka pwani, ikifika Manyoni inatusahau na kwenda zake Tabora, kwa hiyo Jaji alimalizia safari kwa Landrova, na mvua ikinyesha alimalizia kwa miguu na matusi ya Kiingereza.

Karani mmoja mwenzangu, ambaye hakuamini mambo ya kuuliza, alipanga rufaa zote siku ya mnada. Jaji akaingia na joho lake, akainama, akakaa, akatazama mabenchi. Palikuwa na kuku mmoja. Tarishi akatumwa kuita majina nje, akayaita vizuri mno, kisha naye hakurudi; alionekana alasiri akirudi kutoka mnadani na kamba ya mbuzi mkononi. Jaji aliuliza kwa upole kama wakazi wa wilaya hii wamehama. Yule karani akahamishwa yeye.

Somo la pili lilikuwa salamu. Majaji wetu wa miaka ile ya mwanzo wengi walikuwa wageni, walioandika na kusema Kiingereza. Jaji alisema, karani akageuza kwa Kiswahili, kisha Mzee Sungi, mkalimani wetu, akageuza kwa Kinyaturu. Maneno yakarudi kwa njia hiyohiyo, yakiwa yamechoka. Mzee Sungi alikuwa na kipaji cha kufupisha. Mtu angeeleza mateso yake tangu babu yake alipofika nchi hii, jasho likimtoka, na Mzee Sungi angegeuka na kusema, "Anakataa."

Sasa siku moja akasimama mzee mwenye mvi kichwa kizima. Jaji, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, akamwambia aanze kueleza. Mzee kimya. Akaambiwa tena. Kimya. Jaji akauliza kama mrufani ni bubu. Mzee akamjibu Mzee Sungi kwa utulivu: "Nangoja huyu kijana aniamkie."

Bwana Msengi alikohoa mara moja tu. Mzee Sungi akaelewa. Akamgeukia yule mzee akasema, "Jaji anasema shikamoo." Mzee akaitikia marahaba, akasema maneno yake, akashinda rufaa. Tangu siku hiyo tukaliingiza jambo hilo katika utaratibu. Hamtalikuta kwenye jalada lolote, lakini waheshimiwa waliokuja Singida waliwaamkia wazee wetu wote kwa adabu kubwa, na wenyewe hawakujua.

Somo la tatu ndilo kubwa, na hili mkilisahau msiseme mlifundishwa na mimi. Ni kumfundisha mtu kusema. Mawakili hawakuwapo, labda atoke mmoja Dodoma, na huyo alikuwa wa wenye maduka. Mrufani alisimama mwenyewe. Na mtu wetu akisimama mbele ya mkubwa huanzia mbali, kwa adabu, kama anayekuja kuposa. Bwana Msengi aliwaketisha barazani siku kabla ya kesi akawauliza wote swali lilelile: "Jaji ameshika kofia anakwenda kula. Amekupa neno moja tu. Utamwambia nini?" Mtu akishalipata hilo neno, anamwambia, "Basi anza na hilo. Babu yako atafuata nyuma, amezoea kutembea."

Haya, nimezunguka vya kutosha. Nataka kuwaeleza habari ya Bi Mwajuma wa Mtinko, kwa sababu kila ninapowasikia mkisema mahakama ni majengo na mitambo, ninamkumbuka yeye na ninachukia.

Bi Mwajuma alikuwa mjane. Hakuzaa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa na mtu wa karibu anayeitwa Ntandu. Mali yake yote duniani ilikuwa shamba la samadi nyuma ya nyumba. Asiyejua Unyaturu atasema shamba ni shamba. Marehemu mumewe alikuwa akihamisha zizi la ng'ombe kidogo kidogo juu ya ardhi ile maisha yake yote, mpaka udongo ukawa mweusi, na uwele wake ulikuwa unaficha mtu mrefu. Kando yake nchi yote ilikuwa mchanga mwekundu. Kuchukua shamba la namna hiyo ni kuchukua maisha ya mtu na kumwachia mwili.

Yeye alisema alimwazima mkwewe Ntandu alime msimu mmoja. Ntandu alisema alipewa moja kwa moja. Kwamba baada ya matanga mama mkwe mwenyewe alimtembeza mpakani, jiwe hadi jiwe, bega kwa bega, akamkabidhi. Majirani wawili wakasema nao walisikia hivyo. Walisikia, hawakuona, lakini mahakama za chini hazikuwa na haraka ya kutofautisha. Huko, shemeji yake Bi Mwajuma, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimama kumsemea. Alisema maneno mawili katika kesi nzima, na moja lilikuwa "Naam." Bi Mwajuma mwenyewe alisikilizia nje ya dirisha. Akashindwa mara ya kwanza, akashindwa mara ya pili. Ikabaki Mahakama Kuu, na baada ya hapo ukuta.

Alikuja ofisini kwetu mapema. Bwana Msengi akamwamkia, akamuuliza kama shemeji yake atakuja kumsemea tena.

"Hapana," akasema. "Safari hii nasema mwenyewe."

"Utaweza, mama? Ni Jaji yule."

"Shamba likienda nitakula nini? Nimle shemeji?"

Bwana Msengi akampa swali lake la kofia. Yule mama hakufikiri hata kidogo. Akasema: "Nilimwazima, sikumpa." Bwana Msengi akavua miwani akaifuta, jambo alilolifanya alipofurahi, akamwambia hana la kumfundisha.

Kumbe tulikuwa na la kumfundisha, ila hatukulijua, kwa sababu tulikuwa tumeletewa maendeleo. Kikao kile alitangulia afisa mmoja kijana kutoka ofisi ya juu, aliyekuja kuhakikisha mambo yanakwenda na wakati. Alipoona mabenchi yetu, la mrufani upande huu na la mjibu rufani upande ule, alisikitika sana. "Ndugu zangu," akasema, "huu ni utengano. Tumejitawala. Tunajenga ujamaa. Wananchi wawili waje mbele ya sheria kama ndugu, wakae benchi moja." Tukalisogeza benchi moja katikati, mbele kabisa, la pili tukalitoa nje. Tarishi akapiga makofi. Mimi Mnyaturu wa kuzaliwa nilibeba ncha moja ya benchi, na kichwani mwangu hapakupita hata inzi.

Mnaotoka mbali naomba mnisikilize hapa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima, na wanaogombana ndio huishika zaidi, maana ndiyo heshima pekee iliyobaki kati yao.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa. Jaji amekaa, meza yake imetandikwa kitambaa kirefu cha kijani. Ntandu ameketi kwenye benchi la ndugu, peke yake, kofia magotini. Nikaita jina la Bi Mwajuma. Kimya. Nikatoka mlangoni nikaita tena. Utaratibu mnaujua, haujabadilika: mrufani akiitwa mara tatu asionekane, rufaa yake inafutwa, anakwenda nyumbani.

Nikamwona. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mlango, mgongo ukutani, khanga imefunika kichwa na nusu ya uso.

"Mama, ingia! Unaitwa!"

"Yumo," akasema.

"Nani?"

"Mkwe."

"Mama, nikiita mara moja tena rufaa inafutwa. Shamba linakwenda!"

"Najua, mwanangu. Lakini niingie nikakae naye benchi moja, hao watu wote wakinitazama? Si bora uniambie nivue nguo kabisa?"

Ndipo akili ikanirudia, imechelewa kama basi la Dodoma. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka kuita mara ya tatu, na Jaji alikuwa ameinua kalamu.

Sasa jamani, Ntandu alikuwa amesikia sauti yake. Kumbukeni alikuwa mtu gani: mtu ambaye angekaa tu kwenye lile benchi, asiseme neno wala kufanya lolote, shamba lingekuwa lake mpaka kufa. Hakuambiwa na mtu. Aliruka, akafunika uso kwa kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma mbio kama aliyeona moto. Mtasema mjinga. Hakuwa mjinga, alikuwa mkwe.

Bi Mwajuma akaingia papo hapo, akasimama, akainama. Jaji akamtazama, akatazama benchi, akauliza mjibu rufani amekwenda wapi. Nikatumwa. Nilimkuta nyuma, amejibanza kwenye Landrova ya Jaji.

"Rudi ndani, bwana!"

"Mama yumo. Atoke kwanza."

Nikarudi na habari hiyo. Bi Mwajuma aliposikia mkwewe anataka kupita, akatoka kwa adabu ampishe. Ntandu akaingia. Jaji akauliza mrufani yuko wapi. Ntandu aliposikia natumwa kumwita, akatoka. Sijui tulikwenda hivyo kwa muda gani. Watu walikuwa wakigeuza shingo mlango huu na mlango ule, na yule afisa wa ndugu kukaa pamoja alikuwa anasoma kwa makini sana karatasi ambayo, nilipopita, niliona haina kitu.

Hatimaye Jaji akaweka kalamu. Akasema amekula vumbi tangu Manyoni ili asikilize watu, na mpaka sasa amesikiliza milango. Kuna nini? Mzee Sungi akamweleza kupitia kwa Bwana Msengi. Safari hiyo hakufupisha. Jaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sisi wote tulipaswa kuliuliza kabla ya kubeba benchi: "Mkiwa nyumbani, mnafanyaje?"

"Tunaweka kitu katikati, mheshimiwa," akajibu Mzee Sungi.

"Basi wekeni."

Bwana Msengi akazunguka meza, akaomba radhi, akavuta kile kitambaa cha kijani kutoka chini ya vitabu vya Jaji. Tarishi akashika ncha huku, mimi nikashika kule, mikono juu. Mama akasimama upande mmoja, mkwe upande wa pili. Hivyo ndivyo Mahakama Kuu ilivyokaa siku ile. Niwaambie, mikono ilikufa ganzi, lakini mimi na tarishi tulikuwa watu pekee humo ndani tuliowaona wote wawili kwa karibu.

Bi Mwajuma alianza na neno lake. "Nilimwazima, sikumpa." Akaeleza kidogo, akanyamaza. Hakulia, hakuapa. Niliogopa kwamba amesema machache mno.

Zamu ikawa ya Ntandu. Alikuwa msemaji mzuri kuliko mawakili wengi niliowasikia baadaye. Akarudia yale yaliyompa ushindi mara mbili: baada ya matanga, mama mkwe mwenyewe, kwa miguu yake, alimtembeza mpakani, jiwe hadi jiwe, bega kwa bega, akimwonyesha kwa kidole. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi, niliyekuwa nimeshika kitambaa, nikatikisa changu.

Jaji akampa mrufani neno la mwisho, kama ilivyo haki yake. Bi Mwajuma akakaza khanga yake kichwani. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya chumvi:

"Namwomba Jaji amuulize mkwe wangu. Siku ile tunatembea jiwe hadi jiwe, kitambaa alishika nani?"

Mzee Sungi alisahau kugeuza. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, tarishi akatetemeka mpaka kitambaa kikatetemeka. Ilibidi Bwana Msengi mwenyewe amgeuzie Jaji moja kwa moja kwa Kiingereza. Jaji hakucheka. Alimtazama Ntandu akangoja, na ukumbi ukanyamaza pole pole.

Nilimwona Ntandu usoni. Hakuwa mtu mbaya kama mnavyotaka awe. Alikuwa na watoto wengi na mchanga mwekundu. Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya mara mbili, lakini mara hizo mama mkwe alikuwa nje ya dirisha na shemeji ndiye aliyesimama. Sasa pumzi zake alizisikia nyuma ya kitambaa.

"Hakushika mtu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Hatukutembea."

Shamba likarudishwa kwa mwenyewe. Bi Mwajuma alipotoka, Ntandu alikuwa ameshatangulia kusimama mbali, amegeuka mgongo, ampishe. Nilifurahi siku ile kama sijawahi kufurahi kazini. Nilidhani hii ndiyo serikali yenyewe, hii ndiyo maana ya kujitawala: mama wa Mtinko amesema maneno machache na nchi nzima, mpaka juu kileleni, imemsikia.

Niliishi na imani hiyo msimu mmoja.

Baada ya mavuno likaja lori. Mmesoma habari za kuhamia vijijini, na mmesoma kwamba watu walihama kwa hiari. Mimi nitawaambia tu kwamba hiari ile ilikuja na mgambo. Nyumba ya Bi Mwajuma ilibomolewa paa ili asiwe na shaka. Akapelekwa na vyombo vyake kwenye kijiji kipya kando ya barabara, mistari imenyooka vizuri, ardhi nyekundu pande zote. Shamba lake likabaki kule, mwendo asiouweza mtu wa umri wake na jembe begani. Mvua zilipokuja likaota miiba na magugu.

Akaja ofisini kwa miguu. Alikuwa amekonda. Bwana Msengi hakuwapo, nilikuwa peke yangu. Akafungua pindo la khanga akatoa nakala ya hukumu, yenye muhuri, akaiweka mezani kwangu, akainyoosha kwa kiganja.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hapa wameandika shamba ni langu?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule Jaji ndiye mkubwa, hakuna mwingine juu yake?"

Sikumwambia habari za ile mahakama ya mwezini. "Ndiye mkubwa, mama."

"Basi hawa wenye lori wamekata rufaa wapi?" Hakuwa anadhihaki kama ninavyodhihaki mimi hapa. Alikuwa anauliza. "Maana sikuletewa wito. Nipangie na mimi siku, niende nikawajibu."

Kazi yangu ilikuwa kupanga. Nilimvutia kiti akakaa. Siku ya kumpangia sikuwa nayo.